Mwenye ufundi hahitaji mkalimani

KILA mwaka matokeo ya mtihani wa taifa wa darasa la 9 yanapobandikwa ukutani, shuleni kwetu huku kusini mwa Burundi, karibu na Ziwa Tanganyika, husikika vilio vya namna mbili. Kipo kilio cha furaha cha wale waliopata nafasi ya kuendelea na masomo ya kawaida, na kipo kilio cha wazazi ambao watoto wao wameelekezwa kwenye ufundi. Hiki cha pili hufanana na cha msiba. Nimewahi kumsikia mama mmoja akimwambia mwanawe mbele ya wenzake: "Basi wewe umekuwa mtu wa nyundo!" Mtoto aliinamisha kichwa kama aliyehukumiwa.

Kilio hicho ndicho kilichonisukuma kuandika makala haya. Mimi ni mwalimu wa hisabati na nimekula chaki kwa zaidi ya miaka ishirini. Sina ugomvi na chuo kikuu. Nchi yenye watu zaidi ya milioni 12 inahitaji madaktari, wahandisi, wanasheria na walimu, na hao hawapatikani karakanani. Ninachokataa ni ile dhana kwamba mtoto asiyefika chuo kikuu ameanguka, na kwamba ufundi ni kapu la kutupia walioshindwa. Maisha ya uhamishoni na maisha ya kurudi nyumbani yamenifundisha vingine.

Cheti kilisubiri, mwiko haukusubiri

Nilizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, Tanzania, katika makazi ya wakimbizi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Wenzetu wengine walikuwa Katumba na Mishamo. Tulisoma kwa mitaala ya Tanzania. Kiswahili kilikuwa lugha ya darasani, Kirundi cha nyumbani, na Kiingereza tulikikuta sekondari. Kifaransa tulikisikia tu kwa wazee walipokuwa wakikumbushana mambo ya zamani.

Mwaka 2007 ulianza mpango wa kumaliza ukimbizi wa watu wa 1972. Kila familia iliulizwa inachagua nini, kuomba uraia wa Tanzania au kurejea Burundi. Takriban watu 162,000 walikubaliwa uraia mwaka 2010. Sisi wengine, zaidi ya 53,000, tulifunga virago tukarudi, wengi wetu katika miaka ya 2008 na 2009. Familia yangu ilikuwa kwenye msafara wa 2009.

Nilirudi na bahasha ya plastiki yenye vyeti vyangu vyote: cha darasa la saba, cha kidato cha nne na cha ualimu. Niliilinda njiani kuliko nilivyolinda godoro. Katika ofisi moja niliyoelekezwa nilipokewa kwa heshima, kisha nikaambiwa kwamba vyeti hivyo viko katika lugha isiyotumika hapa, vinatakiwa kutafsiriwa, halafu vilinganishwe na vya nchini, halafu nisubiri. Nikasubiri miezi kumi na minne. Haikuwa shida yangu peke yangu. Walimu, wauguzi na makarani waliosoma Tanzania walikuwa wakipishana kwenye milango ileile na bahasha zilezile.

Katika msafara wetu alikuwamo jirani yangu wa Ulyankulu, mwashi. Elimu yake ya darasani iliishia la saba. Alianza akiwa kijana kwa kujenga mabani ya kukaushia tumbaku, maana Ulyankulu tulilima sana tumbaku, na bani likijengwa vibaya joto hupotea na zao la mwaka mzima likaharibika. Baadaye alikwenda kujifunza kwenye kituo cha ufundi na akafaulu majaribio ya ufundi ya daraja la tatu. Ndugu zake walimcheka kwamba shule imemshinda.

Wiki ya tatu baada ya kufika, jirani yangu huyo alikuwa juu ya ukuta. Mwenye nyumba hakumuuliza alisoma kwa lugha gani. Alimpa mwiko, kamba na timazi, akamwacha apange mistari miwili ya matofali, akatazama, wakapatana bei. Kufika mwezi wa nne alikuwa na vibarua watano, na mmoja wao nilikuwa mimi. Nilikuwa nikichanganya udongo na kupandisha matofali. Kwa zaidi ya mwaka chakula cha watoto wa mwalimu kilitoka mfukoni mwa mtu wa darasa la saba, na sikuona haya. Nilimwamkia kila asubuhi kama bosi wangu, naye aliendelea kuniita "mwalimu" mbele ya vibarua wenzangu.

Tulikuwa tumevuka mpaka mmoja siku moja. Ujuzi wangu ulikuwa ndani ya karatasi, nayo karatasi ilihitaji mkalimani. Ujuzi wake ulikuwa mikononi.

Ningeishia hapo ningekuwa nimesema nusu ya habari. Miaka kadhaa baadaye, palipokuwa na ujenzi mkubwa karibu na kwetu, mkandarasi alitafuta msimamizi wa waashi. Kwa kazi ya mkono jirani yangu hakuwa na mpinzani. Lakini alitakiwa mtu wa kusoma michoro, kukadiria saruji na nondo, na kuonyesha cheti kinachotambulika nchini. Michoro iliyokuwa na maandishi ya Kifaransa ilimshinda, na cheti chake cha Tanzania hakikutambuliwa. Nafasi ilikwenda kwa kijana aliyesomea ujenzi katika shule ya ufundi, umri wake nusu ya wa jirani yangu. Mkono ulimpa kazi alipofika, lakini kukosa mafunzo kamili na cheti kinachovuka mpaka kulimfungia mlango wa juu. Hayo mawili yote ni kweli, na anayezungumzia ufundi lazima ayaseme pamoja.

Dharau ilitoka wapi?

Tusiwalaumu wazazi bure. Dharau hii ina historia.

Enzi za Wabelgiji, shule iliyokuwa na sifa kubwa kuliko zote katika Ruanda-Urundi ilikuwa ile ya Astrida, iliyoasisiwa mwaka 1929, mji ambao leo ni Huye nchini Rwanda. Ndiko walikosomeshwa watoto wa machifu na makarani wa serikali ya kikoloni. Kwa mwananchi wa kawaida somo lilikuwa wazi: anayeshika kalamu anatawala, anayeshika jembe au nyundo anatawaliwa. Uhuru ulikuja mwaka 1962, lakini somo lile halikuondoka na bendera.

Kisha likaja la 1972. Waliosoma walikuwa miongoni mwa waliosakwa na kuuawa kwa wingi, hata wazazi wengine wakaogopa kuwapeleka watoto shule. Wale waliofika uhamishoni walibadilisha hofu hiyo kuwa kiu. Baba yangu, aliyeacha shamba lake na hakuliona tena, alikuwa akituambia kwamba shamba mtu anaweza kukunyang'anya, lakini kilichomo kichwani hakuna wa kukitoa. Ndiyo maana alikuwa tayari kuuza gunia la mwisho la mahindi ili nipate ada.

Namheshimu marehemu baba kwa maneno hayo, na nadhani yana maana pana kuliko alivyokusudia. Kilichomo mikononi nacho hakuna wa kukitoa. Warundi wengi waliorudi walikuta mashamba yao yanalimwa na wengine, na kesi za ardhi zimegombanisha hata ndugu wa tumbo moja. Katika nchi hii shamba la familia kwa wastani halifiki nusu hekta. Mzazi mwenye watoto sita hawezi kuwagawia wote ardhi ya kuwatosha, hata angekuwa na moyo wa malaika. Anachoweza kuwagawia ni ujuzi, ambao haupungui kwa kugawanywa.

Na sisi walimu tuna sehemu yetu katika dharau hii. Nchini Tanzania, Mwalimu Nyerere alitangaza Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 akitaka mtoto ajifunze kwa kichwa na kwa mikono. Shule zetu za makazi zilikuwa na mashamba, mabanda ya mifugo na hata sehemu za useremala. Lakini katika shule nyingi jembe liligeuzwa fimbo. Aliyechelewa alipelekwa shambani, aliyepiga kelele alipelekwa kufyeka, na aliyepata alama nzuri ndiye aliyebaki darasani. Mtoto anayeadhibiwa kwa kazi ya mikono kwa miaka saba atakuaje akaiheshimu? Mpaka leo, katika nchi zetu zote hizi jirani, mtindo huo haujafa. Mwalimu anayempa mtoto jembe kama adhabu asishangae mtoto huyo akikimbia ufundi.

Hisabati iliyo kwenye kamba

Wapo wanaosema ufundi ni wa wasio na akili. Wanaosema hivyo, nadhani, hawajawahi kumtazama fundi kwa makini.

Chukua kona ya msingi wa nyumba. Mwashi hapimi nyuzi 90 kwa kifaa cha darasani. Anavuta kamba, anapima meta 3 upande mmoja, meta 4 upande wa pili, kisha anapima kutoka alama moja hadi nyingine. Ikiwa ni meta 5 kamili, kona imenyooka. Ikizidi au ikipungua, anasogeza kamba. Hiyo ni kanuni ya Pythagoras, ileile inayowatoa jasho wanafunzi wangu ubaoni. Mwaka mmoja niliwapeleka wa darasa la 9 kwenye kiwanja cha ujenzi, nikampa kamba kijana ambaye hakuwahi kupata swali hata moja la pembetatu. Baada ya nusu saa ndiye aliyekuwa akiwasahihisha wenzake.

Chukua zege. Kwa kazi za kawaida mafundi huchanganya saruji sehemu 1, mchanga sehemu 2 na kokoto sehemu 4. Asiyejua uwiano hupunguza saruji ili abakishe mfuko, au huongeza maji ili zege iwe laini kumwaga, na zege yenye maji mengi hubaki dhaifu. Tena zege haitaki kuachwa ikauke kwa jua. Hutiwa maji kwa siku zisizopungua 7, na nguvu yake hupimwa ikifika siku 28. Nguzo inayopasuka mwaka wa pili mara nyingi iliharibiwa wiki ya kwanza na mtu ambaye hakufundishwa.

Chukua umeme. Kwa kawaida waya wa taa za nyumbani huwa wa milimita za mraba 1.5 na wa soketi 2.5. Fundi wa kubahatisha akiweka mwembamba kwenye soketi, mwenye nyumba akachomeka pasi na jiko, waya hupata moto ndani ya ukuta. Nyumba ikiungua watu husema ni "shoti", kumbe ni hesabu ya kugawanya wati kwa volti ambayo fundi hakuifanya.

Hizo si kazi za wasio na akili. Ni kazi ambazo zikifanywa na asiyefundishwa zinaua watu. Mtaani tunao mafundi wengi waliojifunza kwa kuangalia, na wengi wana vipaji vikubwa. Lakini kuangalia hukufundisha kazi inavyofanywa, hakukufundishi kwa nini inafanywa hivyo. Siku mambo yanapobadilika, aliyejua "kwa nini" ndiye anayebaki na kazi.

Majirani wanafanya nini

Nchi jirani hazikukaa kimya. Tanzania ilitunga sheria ya elimu na mafunzo ya ufundi mwaka 1994, ikaanzisha VETA, na ikaweka tozo ya kuendeleza ujuzi inayolipwa na waajiri kulingana na mishahara wanayolipa. Kwa hiyo anayefaidi fundi aliyefunzwa huchangia gharama ya kumfunza. Tanzania pia ina utaratibu wa kumpima fundi wa mtaani aliyejifunzia kazini, kumwonyesha mapungufu yake, kumfundisha anachokosa na kumpa cheti, yaani kurasimisha ujuzi. Na kuanzia mwaka 2024, mitaala yake mipya ya sekondari imeweka mikondo miwili, wa jumla na wa amali.

Rwanda iliweka lengo la kuwapeleka asilimia 60 ya wanafunzi kwenye ufundi ifikapo 2024, na mwaka 2017 iliviunganisha vyuo vyake vya ufundi chini ya Rwanda Polytechnic, ili kijana wa ufundi naye awe na ngazi ya kupanda hadi elimu ya juu. Kenya ilitunga sheria yake ya mafunzo ya ufundi mwaka 2013. Mbali zaidi, Ujerumani imejenga viwanda vyake juu ya mfumo ambao kijana hugawa wiki yake, siku nyingi kiwandani na siku chache shuleni, kwa miaka miwili hadi mitatu na nusu, huku mwajiri akimlipa posho. Kule fundi si mtu wa kuonewa huruma.

Hapa kwetu misingi ipo. Sheria ya elimu ya mwaka 2013 ilileta shule ya msingi ya miaka 9, tuna shule za ufundi, tuna vituo vya mafunzo ya ufundi hadi ngazi ya tarafa, na mwaka 2020 ilianzishwa benki ya uwekezaji wa vijana, BIJE. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2007, na itifaki ya soko la pamoja, iliyoanza kazi Julai 2010, inazitaka nchi wanachama zitambuliane vyeti. Hili la mwisho ni kubwa kuliko tunavyolichukulia. Kijana wa Nyanza-Lac anayekwenda Kigoma bila ujuzi anakwenda kulima kwa kibarua shamba la mtu, tena mara nyingi kwa kujificha. Akienda na ufundi na cheti kinachosomeka pande zote mbili, anakwenda kama fundi. Anatembea njia ileile, lakini anapokewa tofauti.

Masharti manne

Hata hivyo, nisieleweke vibaya. Kuwajaza watoto kwenye jengo lenye kibao cha "ufundi" si kuwapa ufundi. Nimetembelea vituo kadhaa na nimeona mazuri na mabaya. Kwa maoni yangu kuna masharti manne.

La kwanza ni vifaa. Wanafunzi thelathini wakigombea randa moja, mmoja anajifunza na ishirini na tisa wanatazama. Afadhali kituo kichukue kumi na wawili na kiwafunze, kuliko kuchukua hamsini kwa ajili ya takwimu.

La pili ni mkufunzi. Fundi hodari anayelipwa vizuri na wateja hataacha kazi zake kwa mshahara usiofika mwisho wa mwezi. Kama tunataka wenye ujuzi wafundishe, tuwalipe kama wenye ujuzi, au tuwapelekee wanafunzi hukohuko kwenye karakana zao na tuwalipe kwa kuwafunza.

La tatu ni soko. Kituo kimoja kikitoa mafundi cherehani arobaini kila mwaka katika tarafa moja, wote watashona sare zilezile kwa bei inayozidi kushuka mpaka washindwe kununua uzi. Wakati huohuo utazunguka siku nzima kumtafuta fundi wa kutengeneza pampu ya maji, friji ya duka la samaki, au betri na mitambo ya sola. Hapa niseme na juu ya wasichana. Tumezoea kuwapeleka wote kwenye ushonaji na ususi, kana kwamba Mungu aliumba mikono ya kike kwa sindano tu. Ninaye mwanafunzi wangu wa zamani aliyesomea umeme dhidi ya matakwa ya shangazi zake. Leo akina mama humwita yeye kwanza, kwa sababu wanaona raha kumfungulia mlango binti mume akiwa hayupo.

La nne ni ngazi. Mzazi anaogopa ufundi kwa sababu anauona kama chumba kisicho na mlango wa pili. Mtoto akiingia akiwa na miaka 16, basi amefungiwa humo mpaka uzeeni. Ni lazima mwashi mwenye kichwa chepesi aweze kurudi kusoma awe fundi sanifu, na fundi sanifu aweze kuwa mhandisi. Mhandisi aliyewahi kushika mwiko hatadanganywa na mtu kiwanjani. Ngazi hiyo ikionekana kwa macho, kilio cha wazazi kitapungua chenyewe bila mahubiri yetu.

Mzazi aulize nini

Wazazi hunifuata nyumbani wakiuliza wawapeleke wapi watoto wao. Siwapi jina la kituo. Nawapa maswali ya kwenda nayo.

Nenda mwenyewe, tena siku ya kazi bila kuaga. Tazama karakana kabla ya kutazama ofisi. Je, vifaa vina vumbi au vina alama za mikono? Hesabu wanafunzi, kisha hesabu vifaa. Uliza kwa wiki wanakaa saa ngapi ubaoni na saa ngapi kazini. Kama ubao umezidi kazi, hiyo ni shule ya maneno. Uliza cheti kinatiwa saini na nani na kinatambulika wapi. Uliza wanapelekwa kwa nani kufanya mazoezi ya kazi, na kwa muda gani. Uliza kama wanafundishwa kukadiria bei, kutunza daftari la mapato na kuongea na mteja, maana mafundi wengi wazuri hufilisika kwa kutojua hesabu ya faida. Mwisho, omba uonyeshwe watu watatu waliomaliza miaka miwili iliyopita, uende uwaone. Kituo kisichojua wahitimu wake wako wapi hakijali mwanao atakuwa wapi.

Na umtazame mtoto mwenyewe. Yupo anayefungua redio iliyokufa akairudisha inaimba, lakini ukimpa insha analala. Yupo pia anayependa vitabu kweli, na huyo usimlazimishe nyundo kwa sababu mwalimu fulani aliandika gazetini. Kumpeleka fundi chuo kikuu kwa nguvu na kumpeleka msomi karakanani kwa nguvu ni hasara ileile.

Kuna mzazi mmoja, mkulima wa michikichi, aliyeuza kipande cha shamba ili mwanawe amalize chuo kikuu. Kijana alimaliza, akarudi na shahada, sasa anakaribia mwaka wa nne akisubiri ajira ya serikali. Kila asubuhi hupiga pasi shati lake. Sikumbuki hata siku moja baba yake akilalamika, lakini nimemwona akipita kando ya kile kipande alichouza bila kukitazama. Sisemi shahada ile haina maana. Nasema baba yule hakuwahi kuambiwa na mtu yeyote, nikiwamo mimi na walimu wenzangu, kwamba palikuwa na njia zaidi ya moja.

Kazi zinakuja, nani atazifanya?

Serikali imejiwekea dira ya Burundi kuwa nchi inayoinukia ifikapo 2040 na iliyoendelea ifikapo 2060. Umeme wa Rusumo, mradi wa megawati 80 tunaogawana na Rwanda na Tanzania, umeshajengwa. Agosti 2025 liliwekwa jiwe la msingi huko Musongati la reli ya kisasa kutoka Uvinza, Tanzania, yenye urefu wa takriban kilomita 280. Reli hiyo itahitaji wahandisi wachache na mafundi wengi mno: wachomeleaji, wasuka nondo, mafundi umeme, madereva wa mitambo, mafundi wa zege, mafundi wa mabomba.

Wasipopatikana hapa, wataletwa kutoka kwingine, nasi tutakuwa tunauza maji na ndizi kando ya reli. Mtoto aliye darasa la 9 leo, akianza ufundi mwakani, atakuwa na cheti mkononi kabla hajatimiza miaka 20. Muda unatosha, lakini si wa kuchezea.

Jirani yangu mwashi bado anajenga. Amemsomesha binti yake wa pili ujenzi katika shule ya ufundi, kwa Kifaransa, na sasa binti ndiye anayesoma michoro huku baba akisimamia ukuta. Wanachukua kazi ambazo mzee peke yake asingezipata, na ambazo binti peke yake asingeaminiwa. Mwaka jana walijenga vyumba viwili vya madarasa shuleni kwetu. Nilikwenda kupima kona kwa mazoea yangu ya kihisabati, 3, 4, 5. Zilikuwa sawasawa.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa hisabati katika shule ya msingi kusini mwa Burundi. Alisoma nchini Tanzania na kurejea nyumbani mwaka 2009.